Kuteremka Balili

Huenda msomaji akashangaa kukuta habari za pikipiki katika kitabu kinachozungumzia utamaduni wa taifa. Tumezoea kwamba utamaduni ukitajwa, mawazo yote hukimbilia ngoma, vinyago, litungu, hadithi za kale na mavazi ya mababu. Sisi wenyewe tumekula mshahara wa serikali kwa karibu miaka 30 katika kazi hiyo ya utamaduni, na katika muda huo tumeandika taarifa za ngoma nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Hata hivyo, tukiulizwa leo ni jambo gani ambalo kijana wa Mara hulifanya kila siku kwa mwili wake wote, kwa ustadi na kwa fahari, mbele ya macho ya wenzake na kwa hatari ya maisha yake, hatuwezi kujibu kwamba ni ngoma. Ni kuendesha pikipiki. Na jambo ambalo watu hulifanya kwa namna hiyo lina haki ya kuandikwa.

Tuanze na mahali penyewe. Mkoa wa Mara hauna mlima wa kulinganishwa na Kilimanjaro wala Meru, na mtu aliyezoea kona za Kitonga kule Iringa, au barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, aweza kututazama kwa huruma tukiziita njia zetu kuwa ni za milima. Lakini ugumu wa njia haupimwi kwa urefu wa mlima peke yake. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Na kutoka ufukoni Musoma, mahali ambapo majabali yamesimama majini kama ng'ombe waliokwenda kunywa, nchi huinuka kuelekea Butiama, kisha huendelea kwa vilima na mabonde katika nchi ya Waikizu. Upande wa kusini, mji wa Bunda umekaa chini ya Balili, mlima ambao ukifika juu yake unaona Ziwa upande mmoja na nyika za Serengeti upande wa pili. Taabu ya njia zetu ni mawe. Chini ni mwamba uliochongoka. Juu ya mwamba ni changarawe inayobingirika kama kunde zilizomwagwa sakafuni. Kando ni makorongo yanayochimbwa upya kila masika. Njia uliyoipita Jumatatu siyo utakayoikuta Ijumaa, ikiwa mvua imenyesha katikati.

Njia hizo zilipimwa kwanza kwa miguu. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito alitoka Butiama kwenda kuanza masomo Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi. Mwaka 1967 mtu huyohuyo, akiwa sasa Rais wa nchi, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Tulipokuwa shule ya msingi tulisimuliwa safari hiyo mara nyingi, na kila mara tulijiuliza moyoni swali la kitoto: kwa nini hakupanda gari? Hatukuthubutu kumwuliza mwalimu. Tulikuja kulijibu swali hilo wenyewe, tulipokwisha kupita njia hizo mara nyingi kwa magurudumu mawili: atembeaye hulijua kila jiwe, na apitaye kwa kasi hujua tu kwamba palikuwa na mawe.

Pikipiki zilifika vijijini kwetu pamoja na watumishi: bwana shamba, bwana mifugo, mganga, padri na katekista wake. Watoto tulizitambua kwa mlio kabla ya kuziona, na mlio wenyewe ndio uliokwisha kuwa jina. Kwa muda mrefu mwenye pikipiki alikuwa mtu wa cheo. Sisi tulipokabidhiwa ya kwanza, miaka ya mwanzo ya 1990, ilikuwa Yamaha ya ofisi iliyokwisha kutumiwa na watumishi watatu kabla yetu, na kazi yetu ilikuwa kuzunguka vijiji vya Musoma, Butiama na Bunda tukirekodi nyimbo za wazee. Redio ya kaseti tuliifunga kwa mpira nyuma ya kiti, tukaivika mfuko wa nailoni kwa ajili ya vumbi. Vumbi liliingia vivyo hivyo. Zipo kaseti mpaka leo ambazo katikati ya sauti ya bibi mwimbaji husikika mkwaruzo wa barabara ya Nyamuswa.

Aliyetufundisha kuendesha alikuwa tarishi wa ofisi, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza hakutufundisha kupanda mlima. Alituchukua juu ya kilima, akazima pikipiki, akasema: "Kupanda utajifunza mwenyewe, kwa kuwa mlima utakukataza. Mteremko haumkatazi mtu."

Maneno hayo yanastahili kuelezwa, hasa kwa wanafunzi. Mtu anayepanda mlima kwa pikipiki na kukosea huadhibiwa papo hapo, lakini kwa adhabu ndogo: injini hukoroma, huzimika, naye hushusha mguu chini na kuanza upya. Anayeteremka na kukosea haadhibiwi mara moja. Kasi huongezeka taratibu kama deni la dukani. Walimu wa Fizikia watathibitisha kwamba nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda haiongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu hiyo huzidi mara nne, na umbali unaohitajika kusimama huzidi vivyo hivyo. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, yaani kabla akili yake haijamaliza kuuambia mkono ushike breki. Na chombo chote hicho, pamoja na mtu na mzigo wake, kimeshikamana na dunia kwa sehemu mbili za mpira, kila moja yapata upana wa kiganja.

Kwa hiyo tarishi wetu alitufunza kuchagua gia juu ya mlima, kabla ya kuanza kuteremka, na kuuachia mwendo wa injini ukishike chombo. Alitufunza kwamba breki ya mbele ndiyo yenye nguvu penye lami kavu, lakini juu ya changarawe mkono ukiikaba ghafla gurudumu la mbele huteleza, na likishateleza hakuna ustadi tena. Alitukataza kulitazama shimo tunalotaka kulikwepa, kwa kuwa pikipiki hufuata macho ya mwendeshaji. Anayekodolea korongo huingia korongoni. Jambo hili la mwisho tulilidhani ni ushirikina wa madereva mpaka tulipolijaribu. Na kwa kuwa Yamaha ile ilikuwa na injini ya mipigo miwili, ambayo hupata oili yake kwa kadiri mafuta yanavyofunguliwa, alitufundisha kuyafungua kidogo kila baada ya muda mfupi hata tukiwa katika mteremko mrefu, ili injini isizunguke kavu na pistoni ikakwama. Pikipiki nyingi za leo ni za mipigo minne na hazina haja hiyo, lakini mkono wetu wa kulia bado una mazoea hayo, hata tukiwa tumekaa kitini ofisini.

Tukiri pia kwamba tuliipenda. Mtunga mashairi huhesabu mizani apende asipende, na njia ya mlima ina mizani yake: gia ya pili kwenye kona, ya tatu penye nafasi, kurudi ya pili, mwili kuinama na kuinuka. Ukikosea silabi moja mstari mzima huanguka. Yako mashairi yetu tuliyoyatunga kichwani kati ya Butiama na Bunda na kuyaandika jioni, na hatuoni kwamba ni mabaya kuliko yale tuliyoyatunga mezani. Tatizo ni kwamba mtu akishaona raha katika ustadi wake, hutaka kushuhudiwa. Akishashuhudiwa, hutaka kushinda.

Mwaka 1996, mwezi wa Agosti, sisi na mwenzetu wa idara nyingine tulikutana Bunda, kila mmoja akiwa na pikipiki ya ofisi yake. Tulikuwa rika moja, hatujafika miaka 30. Kazi ilikwisha mapema. Tulipanda Balili kwa njia ya mawe ili tuangalie jua likizama Ziwani, na huko juu maneno ya mzaha yakageuka kuwa dau: wa mwisho kufika chini angelipa samaki na vinywaji. Hapakuwa na mtazamaji isipokuwa sisi wawili, nasi tulitosha.

Tulitangulia sisi. Kwa mita mia kadhaa za mwanzo tulikuwa na akili zetu, kisha tukasikia mlio wa mwenzetu unakaribia nyuma, tukaacha kuihesabu njia na kuanza kuuhesabu mlio ule. Ilikuwa katika kona ya tatu, mahali ambapo jiwe pana limejitokeza katikati ya njia kama mgongo wa kobe. Sisi tulilipita upande wa ndani. Mwenzetu alitaka kutupita upande wa nje, penye changarawe, akashika breki ya mbele. Hatukumwona akianguka. Tulichosikia ni mlio wa injini ukipanda juu ghafla, kwa sababu gurudumu la nyuma halikuwa linagusa kitu, halafu kimya. Tulipogeuka tulimkuta amelala chini ya pikipiki, mguu wake wa kushoto ukiwa na kiungo mahali pasipo na kiungo.

Hatutasimulia habari za kumteremsha, kwa kuwa wako waliotusaidia nasi hatujui kuyasema yao vizuri. Alilala hospitali miezi miwili na anachechemea mpaka leo. Ametupa ruhusa ya kuandika haya kwa sharti tusimtaje jina.

Jambo tulilokusudia kulisema ni lile lililofuata. Pikipiki ya serikali ikivunjika, hapana budi iandikwe taarifa. Usiku ule, mwenzetu akiwa kitandani, tulishauriana, na sisi ambao kalamu ilikuwa fani yetu ndio tulioandika. Tuliandika kwamba watumishi wawili, wakirejea kutoka kazini kwa mwendo wa kawaida, walikatiziwa njia na ng'ombe asiye na mchungaji. Ilikuwa taarifa nzuri. Tulimtia ng'ombe yule rangi, tukasema alitokea upande wa kulia. Tulijua kwamba katika mkoa wetu hakuna mtu atakayetilia shaka ng'ombe.

Taarifa ikapanda ngazi zake, ikateremka na swali: ng'ombe huyo ni wa nani? Ubavuni mwa mlima, karibu na kona ile, palikuwa na boma moja tu lenye ng'ombe, kwa hiyo jibu halikuchelewa. Mzee mwenye boma aliitwa kijijini. Tuliambiwa baadaye kwamba hakubisha. Alisema siku hiyo yeye hakuwapo, wachungaji walikuwa watoto, na huenda kweli alikuwa ng'ombe wake. Akatozwa faini. Aliuza mbuzi wawili akailipa. Sisi tulizipata habari hizi sokoni Bunda majuma matatu baadaye, tukanunua tulichokuwa tunanunua, tukapanda pikipiki tukarudi Musoma.

Katika miaka iliyofuata tulisoma kila kilichopita mikononi mwetu juu ya watu waliofanya upumbavu wetu ule kuwa kazi yao. Katika kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, yako mashindano ya pikipiki yaliyoanza mwaka 1907, na tangu 1911 njia yake hupanda mlima na kuteremka, mzunguko mmoja ukiwa karibu kilomita 60 katika barabara za kawaida zenye kuta za mawe na nyumba kandokando. Wapanda pikipiki zaidi ya 250 wamekufa katika njia hiyo. Mmoja wa mabingwa wake alikulia katika Afrika yetu: Gary Hocking, aliyezaliwa Wales na kulelewa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, akawa bingwa wa dunia katika madaraja mawili mwaka 1961. Mwaka uliofuata, rafiki yake Tom Phillis wa Australia alikufa katika mashindano hayo ya kisiwani. Siku chache baadaye Hocking alishinda mbio kubwa palepale, kisha akaziacha pikipiki kabisa, akirudi nyumbani kwa kuwa aliona mchezo ule ni wa hatari mno. Akageukia mashindano ya magari, na Desemba ya mwaka uleule akafa ndani ya gari la mashindano huko Durban. Tulipoyasoma hayo tulimwonea huruma, na tulimwonea wivu pia kwa jambo moja: hakumsingizia mtu.

Siku hizi pikipiki si tena alama ya cheo. Tangu ziliporuhusiwa kisheria kubeba abiria kwa malipo, kati ya 2009 na 2010, zimekuwa riziki ya vijana kila kijiji. Lami imekwisha kufika Butiama, na kijana aweza kumtoa mgonjwa huko hadi Musoma kabla chai haijapoa. Hatuungani na wazee wenzetu wanaozilaani. Mtu akitaka kuyajua mashairi mafupi ya zama hizi, asome maandishi kwenye vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya bodaboda: dua, majigambo, mafumbo kwa jirani, masikitiko ya mapenzi, kama yale ya kwenye kanga. Sisi tuna daftari zima la maandishi hayo.

Lakini tunawaona pia jioni, lami ikiwa imepoa na abiria wamepungua, wakijipanga wawili wawili penye mteremko, wamelala kifudifudi juu ya matangi ili upepo usiwashike. Tunaujua uso ule. Wengi walijifunza kwa rafiki, uwanjani, kwa siku mbili: gia, klachi, kuondoka. Hakuna aliyewapeleka juu ya kilima na kuizima pikipiki. Mchana hubeba mishikaki, abiria watatu au wanne nyuma ya mmoja, na katika mteremko huzima injini ili kuokoa mafuta, wakaenda kwa uzito peke yake, yaani kinyume kabisa cha alichotufundisha tarishi. Walimu wanaosoma haya wanaweza kuona somo la nishati na mwendo likipita mbele ya dirisha la darasa kila asubuhi, likiwa limevaa kandambili. Wazee wetu hawakumpa mtoto ng'ombe wa kuchunga mlimani kabla hajafundishwa kuwateremsha kwa mshazari, polepole, wale wazito wakiwa nyuma. Ufundi ule ulikuwa na mwalimu, na mwanafunzi alipimwa. Huu wa sasa una wanafunzi wengi mno na karibu hauna mwalimu.

Mwaka 2022, tukiwa tumekwisha kupata wajukuu, tulinunua mbuzi wawili mnadani tukakodi bodaboda Bunda. Mbuzi tuliwafunga vizuri kila mmoja katika tenga lake, sisi tukakaa kati yao na dereva, na hivyo ndivyo tulivyopanda Balili kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mmoja wa mbuzi alitulilia sikioni njia nzima. Dereva hakuuliza kitu. Amekwisha kubeba mengi.

Mzee mwenye boma alikuwa amefariki siku nyingi. Tulimkuta mwanawe, mtu wa umri wetu, akichonga mpini. Alitupa kiti. Tulimweleza yote, tangu dau hadi faini, na hatukujaribu kuyapamba. Alisikiliza akiendelea kuchonga. Kisha akasema kwamba anaikumbuka habari ile vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mchungaji.

"Baba alituuliza sisi watoto ni ng'ombe gani," alisema. "Tukasema hatukuona. Akamshuku jike mmoja mwekundu, aliyekuwa na tabia ya kutangulia. Alimwuza mwaka uleule. Alikuwa na maziwa, yule."

Sisi tulikuwa tumeleta mbuzi wawili. Tulisema tutarudi na ng'ombe. Alijibu kwamba hakutuomba ng'ombe, ila tukija tena tupitie kwa mama yake, ambaye yu hai na anaishi Nyamuswa, tumweleze kwa kinywa chetu kwamba watoto wake hawakusema uongo. Akasimama akawafungua mbuzi, akawapeleka kwenye kivuli.

Tulipoanza kuteremka jua lilikuwa linaelekea Ziwani. Penye ukingo wa mteremko dereva aliminya klachi na kuzima injini. Tulimgusa bega.

"Washa, mwanangu. Tia gia ya pili."

"Mzee, mafuta yamepanda."

"Tutalipa."

Aliwasha. Injini ikanguruma, pikipiki ikashikika, nasi tukateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kona ya tatu ilipokaribia tulilitafuta lile jiwe kama mgongo wa kobe, tukaliona, limepungua kidogo kwa kukanyagwa. Kijana alilipita upande wa ndani bila kulitazama, macho yake yakiwa mbele. Tulipofika chini penye lami alipokea fedha zake, akazihesabu, akatuuliza kama sisi nasi tunajua kuendesha pikipiki.

Tulimwambia kwamba tuliwahi kufundishwa.